Landrova Iliyofichwa Vipande Vipande

Sitaki mtu aniambie kwamba Landrova yetu ilikuwa mbaya. Najua ilikuwa mbaya. Mlango wa kushoto ulikuwa bati la paa, kiti cha dereva kilikuwa kiti cha kanisani kilichokatwa miguu, na rangi ya kijani ilibaki pale tu ambapo mvua haikufika. Lakini ilikuwa inawaka. Mwaka ule wa 2002 magari mazuri ya mji wetu wa Uvira, huku Kongo, yalikuwa yamechukuliwa na wenye bunduki, au yamekimbizwa Bujumbura, au yameungua. La kwetu lilikuwepo, na lilikuwepo kwa akili zetu, wala si kwa bahati.

Mume wangu Antoine ni Murundi wa Runingu, huko kwenye uwanda wa Ruzizi. Mimi ni Muvira, mtoto wa kando ya ziwa. Alikuwa fundi wa magari kwenye kiwanda cha pamba, na kiwanda kilipofungwa alichopata ni ile Landrova, mzoga usio na injini. Tukaivuta kwa kamba mpaka uani kwetu Songo, nyuma ya jiko, na hapo ndipo alipoifufua. Injini aliitoa kwenye basi dogo lililopinduka barabara ya Baraka. Haikukubali kukaa, basi akachonga bamba la chuma la kuiunganisha na gia, akageuza vyuma fulani ili vipate kupita, na mwisho wa yote gia zikakaa kinyume. Ukitafuta ya kwanza unapata ya kurudi nyuma, ukitafuta ya kurudi nyuma unakwenda mbele. Majirani walicheka mpaka wakashika mbavu. Antoine hakucheka. Alisema gari ni lake na gia ni zake, anayetaka gia za kawaida aende akanunue gari la kawaida.

Kazi yangu ilikuwa kushika taa. "Mama Vanessa, lete kle ya kumi na tatu," alikuwa akisema akiwa chini ya gari, nami namletea spana. "Mama Vanessa, taa! Unamulika mbuzi ao unamulika injini?" Nikitaka kuuliza jambo ananiambia, "Weye shika taa tu." Basi nikashika taa. Lakini mwenye kushika taa huona kila kitu, tena huona vizuri kuliko aliyelala kwenye vumbi na mafuta yanamdondokea machoni.

Na tulikuwa na desturi yetu ya vita. Kila milio ya bunduki ilipoanza kusikika milimani, tulilifungua gari vipande vipande na kuvigawa kwa majirani. Magurudumu yalikwenda chini ya kitanda cha katekista Modeste. Usukani alilala nao Libérate, mjane wa nyumba ya pili, akiufunika kwa kanga. Betri ilikwenda kwa fundi cherehani, tangi la dizeli kwa wauza mihogo. Springi za nyuma, kwa kuwa ni nzito na zinafanana na chuma chakavu, zilikwenda Kimanga kwa Bienvenu mvuvi. Pampu ya dizeli na nozeli zake nilizitunza mwenyewe, kwenye chungu cha mawese jikoni, zisipate kutu. Uani lilibaki ganda tu, na kuku wanataga ndani. Askari walikuwa wanakuja, wanachungulia, wanatema mate, wanaondoka.

Sheria ilikuwa moja, na hakuna aliyeiandika: aliyetunza kipande ana haki ya kubebwa. Awe mgonjwa, awe na saruji yake, awe na maiti wake, Landrova itakwenda. Ndiyo maana watu walikuwa wanatunza vile vyuma kama mtu anavyotunza mtoto wa jirani.

Mwezi wa kumi mji ukachukuliwa na kundi moja, kisha likaja kundi jingine likauchukua tena. Landrova ilikuwa imekwisha kugawanywa. Binti yetu Vanessa tulikuwa tumempeleka Bujumbura kwa dada yangu. Antoine alikuwa amekwenda Runingu kwa baiskeli, kinga tunavyoiita sisi, kumwona mama yake na kutafuta mihogo, na mapigano yakamkuta huko huko. Nilikuwa ninamngoja tu.

Aliyekuja ni Inamahoro, mwanamke wa Runingu anayetembea na unga wa mihogo kichwani. Alitua mzigo wake mlangoni kwangu na hata salamu hakuimaliza.

"Mama Vanessa, bwana yako alianguka na kinga mu shimo ya daraja. Mugulu ilivunjika. Mufupa ilitoka inje."

"Iko muzima?"

"Iko muzima. Lakini kile kidonda kinaanza kunuka. Infirmier wa zahanati anasema bamulete ku hospitali ya Uvira mbio mbio, kama hapana atakufa."

Nikamuuliza kwa nini hawambebi kwa tipoyi, machela ya begani. Akaniangalia kama mtu anayemwonea mwingine huruma. Hakuna kijana wa Runingu ambaye angetokeza barabarani siku zile. Kijana akionekana tu, wenye bunduki wanamtwika mizigo yao na harudi tena.

Kisha nikaingia jikoni, nikachukua chungu cha mawese, nikaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Niseme wazi: niliogopa. Sikuogopa barabara. Niliogopa kwamba nitaiunga ile gari, nitaiwasha, itakaa kimya, na Antoine atakufa Runingu kwa sababu mkewe alijua kushika taa tu.

Modeste mwenyewe alitoa magurudumu chini ya kitanda, akavua shati la katekista akayavingirisha mpaka uani. Libérate akaleta usukani ukiwa umepakwa mafuta ya kupikia unang'aa. Betri ikaja, tangi likaja, likiwa linanuka kasiksi kwa sababu wauza mihogo hawakuweza kuona chombo kitupu bila kukitia pombe ya ndizi. Nikalisuuza kwa dizeli kidogo huku nikiwatukana, nao wakacheka, na kicheko kile kilinisaidia.

Zikabaki springi. Nikashuka Kimanga. Bienvenu ni mzee wa mvi, jicho moja lina ukungu, na siku ile alikuwa ameketi mchangani anashona wavu. Karibu yake palikuwa na springi moja.

"Ya pili iko wapi?" nikamuuliza.

Akakuna shingo. "Mama Vanessa, ile kitu ilikuwa nanga muzuri sana."

"Ilikuwa?"

"Niliifunga ku kamba, mitumbwi ikatulia kabisa, hata na upepo. Halafu kamba ikakatika. Iko mu ziwa, chini kule."

Maneno niliyomwambia Bienvenu siyarudii, maana ni mtu mzima na mimi ni mama wa watu. Mvuvi ni mvuvi tu: ukimpa chuma kizito akutunzie, atakitupa majini aone kama kinashika. Nilipokwisha kumtukana nikaketi mchangani nikalia kwa hasira. Nikamweleza kuhusu mguu wa Antoine. Akaacha wavu wake.

"Ile springi inafanya kazi gani?" akauliza.

"Inabeba gari juu ya ekseli. Bila yeye, gari inalalia gurudumu, haisongi."

Bienvenu akageuka akaangalia mitumbwi yake. Wavuvi wetu wa ndagala, dagaa wa ziwa letu, huunganisha mitumbwi mitatu kwa miti ya mkaratusi iliyolazwa juu, wakaifunga kwa vipande vya mpira wa tairi za ndani, wakaivuta mpaka inalia. Akapiga mti mmoja kwa kiganja.

"Huu unabeba mitumbwi mitatu mu mawimbi," akasema. "Na inacheza bila kuvunjika. Utabeba Landrova yako."

"Bila huo muti weye hutavua."

"Minye najua. Antoine alibeba mama yangu mu ile gari siku ya kumuzika. Lete musumeno."

Tukaukata ule mti kwa kipimo cha springi iliyobaki, tukavibeba vyote mpaka uani, tukaupasua upande mmoja upate kukaa bapa juu ya ekseli. Bienvenu akaufunga kwa mpira kama anavyofunga mitumbwi, mguu mmoja ameukanyagia, meno yamebana ncha. Nikaona ekseli inaweza kuteleza nyuma tukipiga shimo, basi nikatafuta mnyororo nikaifunga mbele kwenye chasi. Hilo la mnyororo halikutoka kwa mtu yeyote, lilitoka kichwani mwangu, na lilipotoka nilijisikia vizuri sana.

Pampu ya dizeli ndiyo yenye roho ya gari. Ikikaa kando kidogo tu, gari halitawaka, au litawaka na kugonga kama mtu anayevunja mawe. Antoine alikuwa anaweka alama kwa chaki, na chaki hufutika. Siku moja, akiwa amekwenda kunywa maji, nilichukua rangi yangu ya kucha, nyekundu, nikaweka nukta moja kwenye pampu na nyingine kwenye injini, mahali zinapokutana. Aliporudi alisema nalifanyia gari lake urembo. Sasa nilipangusa mawese kwa kitambaa, na nukta ile ikatokea, nyekundu kama siku niliyoipaka. Nikazungusha pampu mpaka nyekundu ikakutana na nyekundu, nikakaza. Nikafunga nozeli. Nikalegeza bomba na kupiga pampu ya mkono kutoa hewa, povu likatoka, likatoka, mpaka dizeli ikaja safi bila kutoa povu. Hakuna aliyenimulikia. Jua lilikuwa linatosha.

Betri ilikuwa dhaifu, basi mtaa wote ukasukuma. Modeste, Libérate, fundi cherehani, wauza mihogo, na Bienvenu akiamrisha kama wako ziwani. Mimi nilikuwa kwenye usukani, maana kuendesha pia nilikuwa nimejifunza kwa macho, nikaiachia klachi. Landrova ikashtuka, ikakohoa moshi mweusi, ikanyamaza. Moyo wangu ukanyamaza nayo.

"Tena!" nikapiga kelele. "Musukume tena!"

Wakasukuma. Nikaachia klachi, na safari hii ikashika. Ikanguruma, ikatikisa bati la mlango, kuku wakaruka kila upande. Libérate akapiga vigelegele. Sikulia. Nilicheka peke yangu pale kwenye kiti cha kanisa, nacheka kama mwenda wazimu, na mikono yangu ilikuwa imejaa mawese na mafuta mpaka juu. Mimi ndiye niliyeiunga. Mimi!

Bienvenu akapanda nyuma kulinda mti wake, tukaondoka siku ile ile.

Barabara ya kwenda juu ilikuwa tupu. Tukapita Kavimvira, tukapita miwa ya Kiliba iliyoachwa ikakauka, na kila shimo tulilopiga nilisikia mti unalia na Bienvenu anaujibu, "Tulia, tulia." Kisha tukafika kwenye kizuizi. Ubao juu ya mapipa mawili, kibanda cha turubai, na vijana wenye bunduki. Mkubwa wao alikuwa na miwani ya jua iliyovunjika mkono mmoja.

"Shuka," akaniambia. "Hii gari tunaikamata."

"Mon commandant, bwana yangu iko mugonjwa kule Runingu. Ninamupeleka ku hospitali."

"Shuka."

Nikashuka. Injini niliiacha inanguruma, maana ningeizima nisingepata wa kusukuma. Kijana mmoja akapanda kwa majivuno, akakanyaga klachi, akatia gia ya kwanza, akakanyaga mafuta kwa nguvu zote. Landrova ikaruka nyuma. Bienvenu alijitupa chini akaviringika majanini. Kibanda cha turubai kikaanguka, sufuria la maharage likamwagika, na yule kijana akawa anazungusha usukani huku anaita mama yake. Akatia gia ya nyuma ili apone. Ikaruka mbele, ikagonga pipa, ubao ukaanguka. Akaichomoa gia, akaruka nje, akasimama mbali.

"Ile gari iko na shetani!" akasema.

Ungeona nilivyobana midomo. Tumbo linataka kupasuka kwa kicheko, na bunduki ziko mbele yangu. Mkubwa hakucheka. Akanisogelea.

"Weye, kwa nini iko vile?"

"Iko vile tangu zamani, mon commandant. Iko mubovu."

Akazunguka gari polepole. Akaangalia bati la mlango. Akainama akaona mti wa mkaratusi, mpira, mnyororo. Akainuka akatema mate chini.

"Muti?" akasema. "Hii ni gari ama ni kitanda? Itatuua mu njia. Toa hii takataka mbele yangu."

Takataka! Nilikuwa na la kumjibu. Nilitaka kumwambia kwamba takataka ile imefufuliwa mara nyingi kuliko yeye alivyonyoa ndevu, na kwamba pampu yake imekaa sawa kuliko miwani yake. Damu ilinipanda kichwani. Lakini nikamfikiria Antoine na kidonda chake, nikainamisha kichwa.

"Ndiyo, mon commandant. Ni takataka kabisa."

Neno hilo nililitafuna mpaka Runingu.

Tulipokaribia kijiji, daraja la kijito lilikuwa limeng'olewa mbao zake kwa ajili ya kuni. Nikaiteremsha gari majini polepole, gia ya chini, bila kuachia mafuta, kama nilivyokuwa nikimwona Antoine akifanya, tukatoka upande wa pili tunachuruzika.

Alikuwa amelala kwenye mkeka nje ya zahanati, mama yake anampepea nzi. Amekonda, macho yameingia ndani. Nilishuka nikapiga magoti. Nilitaka kumshika uso, lakini yeye alinizuia kwa kiganja na kuinamisha sikio kuelekea kwenye gari.

"Nani alipanga pampu?" akauliza.

"Minye."

"Nani alitosha hewa mu bomba?"

"Minye."

"Springi ya kushoto iko na kilio gani ile?"

"Ni muti ya Bienvenu. Springi iko mu ziwa. Tutaongea kisha."

Akafumba macho, na machozi yakamtoka. Sijui kama yalikuwa ya maumivu. Akanishika mkono wangu uliojaa mafuta, akauweka kifuani pake. Mama mkwe wangu, ambaye tangu nimeolewa alikuwa akisema kwa Kirundi kwamba mwanamke wa ziwani hajui kazi, alinisogezea kibuyu cha maji ninywe kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote.

Tukamlaza nyuma juu ya magodoro ya majani, Bienvenu akimshikilia mguu. Tulipofika kwenye kijito Antoine akaanza.

"Tia gia ya chini!"

"Iko mu gia ya chini."

"Usiachilie mafuta! Kamata kuume, kuume kuna jiwe!"

Nikasimamisha gari ukingoni, injini inanguruma, nikageuka.

"Papa Vanessa, hapa dereva ni nani?"

Bienvenu akaangalia juu, akijifanya anahesabu mawingu.

"Ni weye," Antoine akasema.

"Basi funga kinywa, ushike mugulu yako."

Nikaingia majini. Gurudumu likapanda jiwe, gari likainama, mti ukalia kwa sauti kubwa kuliko zote, nikafikiri umekwisha. Haukuvunjika. Tukapanda ukingo. Kwenye kizuizi wale vijana walituona kwa mbali, wakainua ubao wenyewe, na yule aliyeendesha akarudi nyuma ya pipa. Nikawapungia mkono kwa heshima zote.

Hospitalini daktari alisema tungechelewa zaidi kidogo asingekuwa na mtu wa kumtibu. Hata hivyo mguu ule wa kushoto haukupona. Waliukata chini ya goti. Nilikuwepo nje ya chumba. Nililia sana siku ile, sitaki kujifanya shujaa. Mguu wa kushoto ndio wa klachi, na mimi nilijua hilo kabla yake. Alipoamka, akauangalia mguu usiokuwepo. Sikumpa maneno matamu. Nilimwambia yuko hai, na hilo ndilo nililolifuata Runingu.

Alirudi nyumbani akiwa mtu wa kimya, na kimya chake kilinitisha kuliko mguu. Asubuhi alikuwa anaketi kwenye kiti uani, magongo kando yake, anaangalia gari bila kuligusa. Mimi nilikuwa na kazi. Nilimtafutia Bienvenu mti mpya wa mkaratusi ili arudi ziwani, na nikaanza kutengeneza springi ya kweli kutokana na vyuma vya lori lililoungua. Mara nyingine nilikosea. Siku moja nikasikia nyuma yangu, "Geuza hiyo, uso ya juu ikae chini." Nikageuza. Ilikuwa kweli. Kesho yake aliniambia jingine, na mimi nikamwambia hapana, haiko vile, nikamwonyesha, akakubali. Tukaanza kugombana juu ya vyuma mchana kutwa, na nyumba ikawa na uhai tena.

Mapigano yalipotulia kidogo, akaja mtu anayeitwa Ngendakumana, mkubwa wa chama cha wakulima wa mpunga, aliyekuwa amefukia gari lake aina ya jeep chini ya maganda ya mpunga wakati wote wa vita. Amelifukua na haliwaki. Alikuwa amesikia habari za Landrova iliyokwenda Runingu na kurudi wakati barabara imefungwa. Mimi nilikuwa chini ya gari letu, nimelala kwenye vumbi, mafuta yananidondokea machoni. Nilisikia viatu vyake vikiingia uani na kusimama mbele ya kiti cha Antoine.

"Mukubwa, jambo," Ngendakumana akasema. "Batu balinituma hapa. Weye ndiyo ule fundi?"

Nikaacha kukaza. Nilitaka kusikia atakavyojibu, na nitasema kweli, niliogopa jibu lake. Mwanamume aliyepoteza mguu, ukimpora na jina lake anabaki na nini?

Nikasikia gongo linagonga bodi la gari mara mbili, juu ya kichwa changu.

"Fundi iko huku chini," Antoine akasema, kwa sauti aliyokuwa nayo zamani, sauti ya kusikika mpaka nyumba ya Libérate. "Minye niko bwana yake. Ngojea kidogo, papa, iko na kazi. Na ukitaka nikuambie ukweli, kaa chini kwanza, maana hii habari inaombaka muntu akae."